Mwacheni Mzazi Ale Yai

Mkoa wetu wa Songwe si mkoa wa njaa. Tuna mahindi na kahawa ya Mbozi, maharage ya Ileje, mpunga wa Kamsamba, karanga za Momba na samaki wa Ziwa Rukwa. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu watoto 32 katika kila 100 wa mkoa huu, walio chini ya umri wa miaka mitano, wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Sababu za udumavu ni nyingi na mimi si mganga hata nizichambue zote. Ipo moja, hata hivyo, ambayo naiona kwa macho yangu katika nyumba za jamaa na majirani, nayo ni desturi ya kumnyang'anya mwanamke aliyejifungua chakula bora kwa jina la mtoto wake.

Miiko ya kale twaijua sote. Mama mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Mzazi asile samaki huyu, asiguse mboga ile. Sisi walimu tulisimama mbele ya wanafunzi miaka nenda miaka rudi tukiyapinga maneno hayo, nao wazee wakituona watovu wa adabu. Sasa, wakati mwiko ule umeanza kuchakaa, umeingia mwingine uliovaa suti. Jina lake ni aleji, ambayo kwa Kiswahili fasaha tunaiita mzio.

Huingia hivi. Binti amejifungua hapa Tunduma, mama mkwe amekuja kutoka kijijini kumlea mzazi. Mtoto analia usiku, ana vipele usoni. Anapigiwa simu mjomba aliyesoma, yuko Dar es Salaam. Mjomba anasema: mzazi aache mayai, karanga, samaki na maziwa ya ng'ombe, mtoto asije akapata aleji. Mama mkwe anatikisa kichwa kwa furaha, maana ndiyo yale yale aliyoambiwa na bibi yake, isipokuwa sasa yametoka kwa msomi. Toka siku hiyo mkamwana anabaki na uji mweupe, ugali na majani, naye ananyonyesha usiku na mchana.

Namtendea haki mjomba: hakulitunga hewani. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliwashauri kina mama wenye historia ya mzio katika familia waepuke karanga wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wa namna hiyo kwa watoto wenye hatari kubwa, kikataja hata mayai, maziwa na samaki. Lakini mjomba alifunga kitabu mapema mno. Wamarekani waliuondoa ushauri wao mwaka 2008 kwa kukosa ushahidi, na Waingereza wakafuata mwaka 2009. Mwaka 2012 Kramer na Kakuma walichapisha mapitio ya majaribio yaliyofanywa juu ya jambo hili hili, wasione dalili ya kuaminika kwamba mama kujinyima vyakula hivyo humkinga mtoto. Na upande wa ujauzito waliona hatari ya mama kutoongezeka uzito ipasavyo.

Kwa watoto wenyewe mambo yaligeuka juu chini kabisa. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza, ambao hucheleweshewa karanga, na wenzao wa Israeli, ambao huanza kuzila wakiwa wachanga. Mzio wa karanga ulikuwa kama mara kumi zaidi Uingereza. Ndipo Gideon Lack na wenzake wa London wakafanya jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Walichukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, wenye miezi minne hadi kumi na mmoja, nusu wakalishwa chakula cha karanga na nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, waliozuiwa walikuwa na mzio wa karanga asilimia 17.2, na waliolishwa asilimia 3.2. Jaribio hilo lilihusu kinywa cha mtoto, si sahani ya mama. Sitaki msomaji achanganye. Lakini limeuvunja ule msingi wenyewe, kwamba usalama uko katika kukimbia. (Kwetu mtoto hunyonya tu hadi miezi sita, kisha karanga hupewa zikiwa zimetwangwa laini na kutiwa katika uji. Punje nzima humpalia mtoto.)

"Mbona alipoacha mayai mtoto alinyamaza?" Swali hilo nimeulizwa zaidi ya mara moja. Kilio cha watoto wachanga huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe hadi mwezi wa tatu au wa nne. Basi ukimkataza mama mayai katika wiki ya saba, utaona mafanikio. Hata ungemkataza kuvaa kanga nyekundu ungeyaona mafanikio yale yale.

Mwili wa mama ni muungwana kupita kiasi. Mzazi anayekula vibaya bado hutoa maziwa, na protini iliyomo haipungui sana, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa kwa nyama na mifupa yake. Vitamini A na baadhi ya vitamini B, hata hivyo, hutegemea anachokula. Zikikosekana kwake, zinapungua na kwa mtoto. Kunyonyesha humdai chakula cha ziada kila siku, kiasi cha mlo mwingine mzima mdogo. Nasi tunampunguzia!

Sisemi mzio haupo. Wapo watoto wachache ambao chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe, zikipita katika maziwa ya mama, huwatoa damu katika choo. Wapo wanaovimba midomo, kutapika au kubanwa pumzi mara tu baada ya kuonja yai. Hao wapelekwe hospitali upesi. Daktari akishuku chakula cha mama, atamwachisha kimoja kwa wiki mbili hadi nne, kisha atamrudishia aone kama dalili zinarudi. Hatua hiyo ya kurudishia ndiyo isiyofanywa majumbani. Chakula kikishatolewa hakirudi, na mtoto wa pili akija marufuku inaanza siku ya kwanza.

Kama mama mkwe anatafuta adui ndani ya karanga, basi yupo: ukungu. Sumukuvu hupatikana katika karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, haiishi kwa kupikwa, na hupita hadi katika maziwa ya mama. Utafiti wa Rombo uliochapishwa mwaka 2014 uliikuta humo. Mwaka 2016 iliua watu 20 huko Dodoma na Manyara. Kwa hiyo akae na ungo wake achambue, atupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu, kisha zilizobaki amtwangie mkamwana.

Nina neno pia na akina baba. Yule kuku anayetaga uani ni wa nyumba nzima, na trei za mayai zinapita hapa mpakani kila siku. Asubuhi namwona baba mwenye mtoto wa wiki tatu kibandani kwa mama ntilie, mbele yake chapati na mayai mawili ya kukaanga, akinieleza kwamba mkewe nyumbani hali mayai kwa ajili ya mtoto. Nilimwuliza mmoja wao ni nani aliyekula yale ya nyumbani wiki ile. Alicheka, akaita alipe.