Ritifaa ni Herufi au Uakifishaji? Rai Kuhusu Majedwali ya Tarakilishi

Mijadala yetu kuhusu Kiswahili na teknolojia aghalabu huishia kwenye istilahi: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una haja yake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozindua Jambo OpenOffice mwaka 2004 kilidhihirisha kwamba maneno ya kwenye kioo yanaweza kuwa yetu. Hata hivyo, chini ya maneno hayo mna tabaka jingine tusilolijadili vya kutosha, nalo ni majedwali ya rejea ambayo kwayo programu endeshi huamua ipi ni herufi na ipi siyo. Ninashikilia kwamba majedwali hayo ni suala la isimu kabla ya kuwa suala la uhandisi.

Tuchukue mfano wa Bura, Garissa, mahali ambapo mtu hawezi kuandika habari za mifugo bila ritifaa. Kwa Kiswahili ataandika ng'ombe. Kwa Kisomali, ng'ombe kwa jumla yao ni lo'. Akivuka Mto Tana kwenda magharibi atafika Bura ya pili, yenye mradi wa unyunyizaji, katika eneo la Waorma ambao lugha yao ni tawi la Kioromo. Na katika hati ya Kioromo iliyopitishwa Ethiopia mwaka 1991, mbuzi ni re'ee. Alama ni moja, kazi ni tofauti. Kwetu sisi hutenganisha ng'oa na ngoa, na asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili na aulize washairi. Kwa Wasomali na Waoromo huwakilisha kipasuo cha glota. Waliopitisha hati ya Kilatini ya Kisomali mwaka 1972 waliepuka alama za juu na chini ya herufi, hata wakaipa c kazi ya ain na x kazi ya ha. Ritifaa pekee ndiyo waliyoikopa kutoka kwenye uakifishaji.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Yunikodi ina nafasi 1,114,112 za alama. Iwapo kila nafasi ingetengewa baiti moja ya kueleza aina yake, jedwali lingezidi milioni moja ya baiti, na sehemu kubwa ingekuwa tupu. Kwa sababu hiyo wahandisi huligawa katika vikundi 4,352 vya nafasi 256 kila kimoja. Jedwali la kwanza huonyesha kikundi, la pili huonyesha alama, na vikundi vinavyofanana huhifadhiwa mara moja tu. Ni ubunifu wa kupendeza, mithili ya kamusi inayoandika "taz." badala ya kurudia maelezo.

Lakini wepesi wa jedwali hauhakikishi usahihi wa kilichoandikwa ndani yake. Ritifaa inaweza kuwa nafasi ya 39, ambayo ndiyo itolewayo na kibodi ya kawaida. Au 8217, ambayo programu za uandishi huibadilishia bila kuuliza. Au 700, ambayo Yunikodi imeitenga kwa ritifaa iliyo herufi. Mbili za kwanza zimeainishwa kuwa uakifishaji. Programu inayotegemea jedwali hilo peke yake hukata ng'ombe ikapata "ng" na "ombe". Kanuni za Yunikodi za kutenga maneno zina huruma kidogo: huiacha ritifaa ndani ya neno ikiwa na herufi pande zote mbili. Ng'ombe wetu huyo huokoka, ilhali lo' hupoteza mkia wake. Fauka ya hayo, baiti tatu za 8217 zikisomwa kwa jedwali la zamani la Windows, msomaji huletewa ngâ€™ombe, mnyama asiyejulikana katika zizi lolote.

Watakaosema kwamba kuitengea ritifaa uamuzi maalumu kutalifanya jedwali kuwa zito wanakosea. Nafasi ya 39 imo katika kikundi cha 0, na 8217 katika kikundi cha 32. Vyote viwili vimejaa alama nyingine na lazima vihifadhiwe. Kuzipa nafasi hizo thamani ya pekee, yenye maana ya "uliza lugha kwanza", hakuongezi hata baiti moja kwenye jedwali. Kinachobaki ni jibu la lugha, na hapo ndipo mhandisi anapomhitaji mwanaisimu. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo ritifaa inayofuata "ng" katika matini ya Kiswahili haiwezi kuwa alama ya kufunga usemi. Ni sehemu ya herufi. Kanuni hiyo ni fupi, nasi ndio tunaopaswa kuiandika.

Ninapendekeza basi kwamba mwandishi aachwe atumie kibodi aliyo nayo, programu za utafutaji na upangaji wa kialfabeti zihesabu nafasi hizo tatu kuwa kitu kimoja, na makusanyo ya matini tunayohifadhi vyuoni yatumie 700. Kisomali kina ugumu zaidi, kwani ritifaa yake huja hata mwishoni mwa neno, mahali ambapo alama ya kufunga usemi nayo hukaa. Hapo kanuni yetu ya irabu haisaidii, na 700 inakuwa lazima tangu kwenye kibodi. Uamuzi huo ni wa wasemaji wa Kisomali wenyewe, wakiwemo wale wa Garissa wanaosoma Kiswahili pamoja nasi.