Saa ya Seva Nayo ni Mizani

Mkulima wa karafuu wa Pemba hakubali kupimiwa kwa mizani asiyoiamini. Sindano isipokaa kwenye sifuri kabla gunia halijapandishwa, atapiga kelele, na hapana atakayemwona mkorofi. Lakini mkulima huyo huyo, mwanawe anapowasilisha ombi la chuo au la ajira kwa kompyuta, hupimiwa kwa mizani nyengine asiyoiona: saa iliyomo ndani ya seva. Hoja yangu ni kwamba saa ya seva ya umma ni mizani ya umma, na kuiacha ikosee ni dhuluma ile ile ya mizani pungufu.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Basi na tufanye hesabu. Kompyuta hupima wakati kwa fuwele ndogo inayotetema, na mtetemo huo hubadilika kwa joto na kwa umri. Fuwele inayokosea sehemu 20 tu katika milioni hupotea takriban sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi, zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Umeme ukikatika na betri ndogo ya bodi ikawa imekufa, mashine huamka ikiamini kwamba ni miaka mingi iliyopita. Na sisi wa Pemba, tulioungojea umeme wa gridi kutoka Tanga hadi waya wa chini ya bahari ulipofika mwaka 2010, hatuhitaji kufundishwa maana ya kukatika umeme.

Dawa ya maradhi haya ni kongwe. Tangu mwaka 1985 David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliuwekea ulimwengu itifaki iitwayo NTP. Seva huiuliza saa iliyo sahihi zaidi: ni saa ngapi? Hupima muda uliotumika kwenda na kurudi kwa swali hilo, hukadiria ucheleweshaji wa njiani, kisha hujirekebisha kidogo kidogo. Wala haitosheki na shahidi mmoja. Kama kadhi makini, husikiliza mashahidi kadhaa na kumtupa yule ambaye kauli yake haiafikiani na wenzake. Ndiyo maana wataalamu hushauri vyanzo visivyopungua vinne. Programu zake ni za bure. Na anayelalamika kwamba intaneti yetu si ya kutegemewa, naafunge juu ya paa kipokezi cha setilaiti za GPS, ambazo hubeba saa za atomiki.

Basi kama dawa ipo na si ghali, kwa nini saa zinaachwa zikosee? Kwa sababu anayeumia si mwenye saa. Wazanzibari tunalijua hilo tangu zamani. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash mpaka saa tatu asubuhi aondoke kasrini. Dakika mbili baada ya muda huo mizinga ikaanza kulia. Mwenye mizinga ndiye aliyekuwa mwenye saa.

Leo mizinga haipo, lakini saa ipo. Nimemsikiliza mwanafunzi aliyenyimwa nafasi kwa "kuchelewa", ilhali ujumbe wa malipo kwenye simu yake ulionesha kwamba alilipa dakika nne kabla ya dirisha kufungwa. Ofisi iliyomkatalia ilikuwa na jibu moja tu: mfumo umesema. Mfumo! Kana kwamba mfumo ni mtume asiyekosea, si mashine iliyowekwa na mtu na kusahauliwa na mtu.

Na jambo hili linapanda hadi kwenye dola yenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zichunguzwe. Tume haikutii ipasavyo, na mahakama ikauhesabu ukaidi huo dhidi yake ilipoufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba. Kumbukumbu za seva ni nini, kama si orodha ya nyakati: nani aliingia, lini, akafanya nini? Saa ikiwa ya uongo, ushahidi wote huyumba, na mwizi na mwaminifu hawatofautiki.

Ninayoyadai ni matatu. Kila taasisi ya umma ilinganishe seva zake na vyanzo visivyopungua vinne, na itangaze hivyo. Kila badiliko la saa liandikwe, na asiwepo wa kuirudisha nyuma kwa mkono pasipo kuacha alama. Na panapozuka mgogoro wa kuchelewa, mzigo wa kuthibitisha usahihi wa saa uwe juu ya ofisi, si juu ya mtoto wa mkulima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu siku hizi ni seva. Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, ulizeni leo katika ofisi zenu. Na nyinyi wanafunzi, mkiambiwa "mfumo umesema", jibuni kwa adabu: saa ya mfumo huo ililinganishwa lini, na saa ipi? Takeni jibu hilo kwa maandishi.