Dodoma: Mashine ya RO bila pampu, utamwaga maji kuliko utakavyokunywa

Anayehamia Dodoma hugundua mapema kwamba maji ya huku yana ladha. Sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Mji unategemea maji ya ardhini, sehemu kubwa kutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na nyumba nyingi za pembezoni zimechimba visima vyao. Ndiyo maana wengi hukimbilia mashine ya RO, ile ya kuweka chini ya sinki.

Tatizo linaanza fundi akishaondoka. Maji yanadondoka tone tone, huku bomba la maji taka likitiririka usiku kucha.

Mara nyingi mashine si mbovu. Shida ni presha. RO hulazimisha maji kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, na mashine nyingi za nyumbani zinahitaji presha ya bar 3 hadi 4. Sasa piga hesabu ya simtanki lako. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1, kwa hiyo tanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3. Na chumvi nayo inarudisha nyuma: maji yenye miligramu 1,500 za chumvi kwa lita hula karibu bar 1 nzima kabla tone halijapita.

Presha ikiwa ndogo, hata usafi unashuka, chumvi nyingi zaidi inapenya. Kwa ukanda wa kati hili si la ladha tu. Baadhi ya visima, hasa upande wa Singida, vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na inayoharibu meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi.

Hapo ndipo pampu ya kuongeza presha inapoingia. Ni kidude kidogo cha volti 24, kinakula umeme kidogo tu. Bila pampu, mashine inaweza kumwaga lita 4 au zaidi kwa kila lita 1 safi, yaani ndoo moja ya kunywa kwa ndoo nne za kutupa. Ukiwa na pampu na kizuizi sahihi cha maji taka, inaweza kushuka hadi lita 2, wakati mwingine chini ya hapo. Katika mji wenye mgao, ambao bado unasubiri Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria, tofauti hiyo ni kubwa. Ajabu ni kwamba pampu mara nyingi huuzwa kama nyongeza, kana kwamba ni urembo.

Lakini usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la DUWASA. Pampu inayovuta bombani humnyang'anya jirani presha, na bomba likiwa tupu inaweza kunyonya uchafu kupitia nyufa. Ifungwe baada ya tanki, iwe na swichi ya kuizima maji yakikatika, la sivyo itaungua siku ya mgao.

Maji yanayomwagwa yakingwe kwa ajili ya choo na kudeki. Mzabibu wa uani usinyweshwe, chumvi yake sasa ni kali kuliko ya kisima chenyewe.