Inchi Mbili Zetu Ziko Wapi?

Tuelewane mapema: hatulalamiki kwa sababu tulipenda rahisi. Hilo tumeshaambiwa na shemeji, tukaambiwa na keateka, tukaambiwa na mama mboga wa chini ya ngazi ambaye hata hakuulizwa. Godoro la futi nne kwa sita, inchi nane, kwa shilingi 7,500 si rahisi kwa mtu wa Kayole anayelipwa kwa siku. Hiyo ni bei ya godoro. Tuliagiza inchi nane. Kilichofika, ukikiwekea tepu ya fundi, ni inchi sita na kidogo, na hicho kidogo chenyewe ni kitambaa.

Hapa Eastlands, kuanzia Umoja hadi Tassia, Dandora hadi Pipeline, kisa ni kimoja. Picha kwenye simu inaonyesha kitanda kipana kama sebule, shuka nyeupe, na juu ya godoro glasi ya maji iliyosimama wima huku mtu akiruka pembeni. Chini yake: hai densiti, waranti miaka kumi, delivari bure ndani ya Nairobi, bei njoo inbox. Unaenda inbox. Unaitwa "dear". Jioni boda boda inaingia mtaani na godoro limekunjwa, limefungwa kwa mipira ya tyubu, na mwendeshaji amebakisha mizigo mingine mitatu na simu yake haiachi kulia. Unatuma pesa, anageuza pikipiki. Mwezi wa pili katikati pameshuka bonde, na waliolala kila mmoja upande wake hukutana humo usiku, hata kama walilala wamenuniana.

Sasa hiyo densiti. Tumeuziwa neno hili miaka mingi na hatukuwahi kuuliza linapimwaje. Kumbe hesabu yake ni ya shule ya msingi: ni kilo ngapi za sponji zinazoingia kwenye mita moja ya ujazo. Godoro la nne kwa sita, inchi nane, lina ujazo usiofika nusu mita, kama 0.45 hivi. Sponji ya densiti 25 itakupa godoro la kilo 11 na ushee. Ya densiti 15 haitafika kilo 7. Basi mtu yeyote mwenye mizani anaweza kujua alichouziwa, na mizani mtaani hazikosekani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazo kila kona, za kuning'iniza. Jirani zetu wamepeleka godoro huko, likaning'inizwa kwenye ndoano kama mbuzi wa Krismasi, watoto wakaja kutazama. Kilo saba kasoro. Hai densiti.

Lakini hata mizani nayo hudanganywa. Kuna godoro linaloumbwa kwa mabaki: vipande vya sponji vilivyokatwakatwa, vikapakwa gundi na kushindiliwa pamoja. Hilo ni zito, tena zito sana, na ukilibonyeza dukani ni gumu kama ulivyoahidiwa. Likitengenezwa vizuri si godoro baya, na wenye migongo mibovu wapo wanaolipenda. Tatizo ni kuuziwa mabaki kwa bei na jina la sponji mpya, na kutoweza kujua mpaka ufungue zipu. Mengi hayana zipu. Kitambaa kimeshonwa mzunguko mzima, na ukikikata unaambiwa umeharibu mali.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ile plastiki inayofunika godoro. Wauzaji wote tuliowauliza wanajibu kwa sauti moja: ukishaondoa plastiki, godoro halirudi. Haya. Utajuaje kama lina inchi nane bila kuondoa plastiki? Utajuaje kama litabonyea bila kulilalia? Tunao wenzetu ambao mpaka leo wanalala juu ya plastiki, inapiga kelele kila wakijigeuza, jasho linawatiririka, kwa matumaini kwamba siku moja muuzaji atapokea simu. Keateka anasema akipita kwenye korido usiku anajua kabisa nani amenunua godoro mtandaoni.

Tutasema na la haki. Godoro si sufuria. Sisi wenyewe hatungependa kuuziwa godoro ambalo mtu mwingine amelilalia wiki mbili akalirudisha, maana kunguni wa Eastlands hawahitaji nauli. Muuzaji anayekataa kupokea godoro lililotumika ana sababu yake. Ila sababu hiyo ingemlazimu awe mkweli zaidi kabla ya kuuza, na sisi tunaona imemfanya kinyume.

Ukianza kufuatilia, kwanza unajibiwa. "Pole sana dear, litajaa hewa baada ya siku tatu." Siku tatu zikipita unaambiwa uliweke juani. Ukiliweka juani kwenye kamba za nguo za ploti, ukagombana na waliofua, unaambiwa utume video. Unatuma video. Tiki mbili, zikawa bluu, kimya. Halafu picha ya wasifu inatoweka, nawe unajua umeblokiwa. Wiki moja baadaye godoro lilelile, na glasi ileile ya maji, liko kwenye ukurasa wenye jina jingine.

Kuna wanaosema, si urudishe pesa za M-Pesa? Tumejaribu. Kule kutuma ujumbe wa muamala kwa 456 ni msaada wa aliyekosea namba, si wa aliyekosewa. Ulimtumia uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia. Mfumo unaona hakuna kosa. Na jina lililotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza lilikuwa la mtu binafsi, si la duka, lakini nani husoma jina saa mbili usiku boda boda ikinguruma mlangoni?

Sheria zipo, tena nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa taarifa, na haki ya fidia akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti aeleze mambo yake kabla hamjakubaliana. Shirika la viwango, KEBS, lina alama ya ubora ambayo unaweza kuihakiki kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Sharti godoro liwe nayo, na muuzaji akubali kuipiga picha kabla ya kulituma. Na tangu 2021 Nairobi ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani: madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Mtu akisoma hayo atadhani sisi ni wavivu. Basi apige hesabu nasi. Kwenda Milimani ni siku moja ya kazi. Kurudi kusikilizwa ni siku nyingine. Nauli ya matatu, ada, karatasi za kuchapisha kwenye saiba. Na swali la kwanza kabisa mezani: unamshtaki nani, naye yuko wapi? Una namba ya simu isiyopokelewa na jina la ukurasa uliokwisha kubadilishwa. Tangazo lilisema duka liko Kamukunji, na aliyewahi kuzunguka Kamukunji anajua maana ya "duka letu liko Kamukunji". Muuzaji ameshaipiga hesabu hii kabla yetu. Anajua hasara ya shilingi elfu mbili au tatu ni kubwa ya kutosha kumnyima mtu usingizi, na ndogo mno kumpeleka mahakamani. Humo ndimo anamoishi. Godoro lingekuwa la shilingi laki moja, angetuuzia inchi nane.

Mtatuuliza, basi kwa nini hamuendi Mutindwa au Gikomba mkalibonyeze godoro kwa goti kama wazazi wenu? Kwa sababu tunatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi na kurudi maduka yakifungwa. Kwa sababu godoro la dukani lazima ulitafutie mkokoteni, kisha vijana wa kulipandisha hadi ghorofa ya sita ya jengo la Pipeline lisilo na lifti, kwenye ngazi ambazo watu wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Kwa sababu Januari mtoto ameitwa bweni, orodha ya shule imeandika godoro, na una jioni moja tu. Delivari ya bure kwetu si anasa. Na yule wa dukani naye si malaika. Tofauti ni kwamba kesho utamkuta palepale, na anajua kwamba unajua.

Kwenye ploti yetu tulikubaliana jambo. Boda boda ya godoro ikifika, anayelipokea hashuki peke yake. Mmoja anashuka na tepu, mwingine anakwenda kuazima mizani, plastiki inapasuliwa pale pale getini, na pesa hazitumwi mpaka inchi zihesabiwe. Mara ya kwanza mwendeshaji alilia kwamba tunampotezea muda, na kweli tulimpotezea, na hakuwa na hatia. Mara ya pili godoro lilirudishwa lilikotoka, inchi sita, likapita Donholm likipepea nyuma ya pikipiki. Tukajipongeza kwa soda.

Wiki hii tangazo limebadilishwa. Bado ni hai densiti, bado waranti ni miaka kumi, glasi ya maji bado imesimama. Mstari wa chini tu ndio mpya: delivari bure ndani ya Nairobi, wateja wa Eastlands walipe kwanza.