Kiinua Mgongo cha Omar Linares

Fainali ya besiboli katika Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, ilikwisha Kuba ikiwa na 13 na Japani 9. Siku hiyo Omar Linares aliupiga mpira ukavuka uzio mara tatu. Alikuwa na miaka 28, mlinzi wa kituo cha tatu ambaye maskauti wa Marekani walimmezea mate kwa miaka mingi, na ambaye kwao mkoani Pinar del Río walimwita El Niño, yaani Mtoto. Miaka sita baadaye Wajapani walimpata kwa mkataba, akajiunga na Chunichi Dragons ya mji wa Nagoya. Mtoto alikuwa na miaka 34. Katika misimu mitatu alivusha uzio mara 11 tu, na wastani wake wa kupiga ukawa .246.

Kwa msomaji asiyeifuatilia besiboli: mwenye .246, akiwekewa hesabu ya zamu 1000 za kupiga, hupata mipigo safi 246. Katika ligi ya Kuba Linares alimaliza na .368, pamoja na mipigo 404 ya kuvusha uzio. Pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na ugeni wa chakula na lugha peke yake. Japani ilimpata mchezaji ambaye siku zake zilikuwa zimeshapita, na aliyeamua apatikane wakati huo ni serikali yake. Je, ilikuwa haki?

Tuanze na upande wa serikali, kwa sababu una hoja. Kabla ya mapinduzi, ligi ya kulipwa ya Kuba ilikuwa na timu nne, nazo zilichezea uwanja mmoja mkubwa wa Havana. Mwaka 1961 michezo ya kulipwa ilipigwa marufuku, na mwaka uliofuata ikaanza ligi mpya ya taifa, Serie Nacional, ambayo baadaye ilifika kila mkoa. Linares alizaliwa San Juan y Martínez, mji mdogo wa wakulima wa tumbaku magharibi mwa kisiwa. Mfumo huo ndio uliomfuata kwao, ukamfundisha, ukamvisha jezi ya taifa. Kuba ilitwaa dhahabu ya Olimpiki 1992, 1996 na 2004. Nchi iliyogharimia mafunzo ya mtu inaweza kudai kwamba ina sehemu yake katika matunda.

Tena, mlango wa nje haukufungwa na Havana pekee. Kwa vikwazo vya Marekani, Mkuba hakuweza kusaini na klabu ya ligi kuu ya huko na kuendelea kuwa mkazi wa Kuba. Ilimbidi atoroke, ajipatie makazi katika nchi ya tatu, ndipo aitwe mchezaji huru. Wanaomlilia Linares kwa kukosa mamilioni ya dola husahau kuitaja sheria hiyo, ambayo haikutungwa na Fidel Castro.

Kisha Umoja wa Kisovieti ukaanguka, na Kuba ikabaki bila mfadhili. Fedha za kigeni zikatafutwa popote zilipo. Makocha wakapelekwa nje, na wachezaji waliokwisha kutumika wakafuata. Orestes Kindelán, mwenye rekodi ya mipigo 487 ya kuvusha uzio katika ligi ya Kuba, na Antonio Pacheco, nahodha wa timu ya taifa, walikwenda kuchezea Shidax, timu ya kampuni katika ligi za viwanda za Japani. Linares alipewa nafasi ya juu zaidi, lakini kanuni ilikuwa ileile: cheza nyumbani mpaka uchakae, halafu nenda nje ukachukue kiinua mgongo chako, na serikali ipate fungu lake.

Msomaji wa Kenya anaufahamu utaratibu huu kwa sura nyingine. Madaktari wa Kuba waliofika huko mwaka 2018, kabla ya Nairobi kuusitisha mpango huo mwaka 2023, walikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali. Tofauti ni kwamba daktari wa miaka 45 ana uzoefu ambao wa miaka 25 hana. Mpiga gongo hana bahati hiyo.

Wapo watakaosema namsingizia Linares unyonge. Alicheza mechi nyingi nje ya nchi, akapata nafasi nyingi za kutoroka, na hakutoroka. Kweli. Uamuzi wake wa kubaki unastahili heshima, na sipendi tabia ya waandishi wa Miami ya kumfanya kila aliyebaki kuwa mfungwa au mjinga. Kweli pia kwamba takwimu zake za nyumbani zilinenepeshwa na gongo la alumini, ambalo hurusha mpira kwa kasi kuliko la mti. Hata ile mipigo mitatu ya Atlanta ilitoka kwenye alumini. Lakini hoja ya gongo inanisaidia mimi: laiti angekwenda Japani kupiga kwa gongo la mti akiwa na miaka 26, tungelijua jibu. Sasa tumebaki kubishana.

Jibu la jumla lilikuja baadaye. Mwaka 2013 Kuba ilitangaza kwamba wanamichezo wake wanaweza kusaini mikataba ya nje, na mwaka 2014 Japani ikapokea kundi jipya. Frederich Cepeda alikwenda Yomiuri Giants, klabu tajiri ya Tokyo, akiwa ametimiza miaka 34, umri uleule wa Linares. Miaka mitano nyuma, katika mashindano ya dunia ya World Baseball Classic, Cepeda huyu alipiga .500 dhidi ya warushaji bora duniani. Kwa Giants alipiga .194. Klabu za Japani zina ukomo wa wageni wanaoruhusiwa katika kikosi cha kwanza, kwa hiyo mgeni asiyepiga hasubiriwi.

Mwaka huohuo wa 2014 Yulieski Gurriel, mwenye miaka 30, alipiga .305 kwa Yokohama. Alfredo Despaigne, mwenye miaka 28, alianzia Chiba Lotte. Mwaka 2017, akiwa Fukuoka, aliongoza ligi yake kwa mipigo 35 ya kuvusha uzio, na klabu yake ikatwaa ubingwa wa Japani miaka minne mfululizo. Liván Moinelo, mrushaji wa mkono wa kushoto, alifika Fukuoka akiwa na miaka 21, akakulia humo, na kufikia 2024 ndiye aliyekuwa na wastani bora wa urushaji katika ligi hiyo. Gurriel naye alitoroka Kuba mwaka 2016 na kuhamia Houston. Mwaka 2021, akiwa na miaka 37, aliongoza American League, mojawapo ya ligi kuu za Marekani, kwa wastani wa kupiga, .319. Basi uzee peke yake haumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kukutana na warushaji wageni kwa mara ya kwanza wakati mwili haumpi tena muda wa kujifunza.

Na sera ya kuwabania vijana haikuwazuia kuondoka. José Abreu, mpigaji aliyetoroka Kuba, alieleza mahakamani Miami mwaka 2017, katika kesi ya wasafirishaji haramu wa wachezaji, kwamba akiwa ndani ya ndege ya kwenda Marekani alikula ukurasa wa pasipoti ya bandia, akaushushia kwa bia. Mwaka 2021, katika mashindano ya vijana chini ya miaka 23 nchini Mexico, zaidi ya wachezaji kumi wa Kuba walitoweka kambini. Ligi iliyotaka kuwahifadhi nyota wake imebaki na wakongwe na watoto. Mwaka 2021 Kuba ilishindwa hata kufuzu Olimpiki ya Tokyo.

Dawa iliwahi kuandikwa. Desemba 2018 ligi kuu ya Marekani na shirikisho la besiboli la Kuba zilisaini makubaliano: mchezaji aliyefikisha miaka 25 na kutumikia misimu sita angeachiwa aende, klabu ingelilipa shirikisho ada ya kumwachia, naye angebaki huru kurudi kwao. Aprili 2019 serikali ya Donald Trump iliyafuta, ikidai shirikisho ni tawi la serikali ya Kuba. Dai hilo si la uongo, lakini lililofuata ni biashara ya wasafirishaji haramu kuendelea kama kawaida.

Makubaliano yale yana kasoro, na miaka 25 kwangu bado ni mingi. Hata hivyo yarejeshwe kama yalivyo, na Washington ndiyo yenye kalamu. Havana nayo, ambayo Japani imeshaionyesha kwamba kijana aliyeachiwa mapema anaweza kurudi kuichezea nchi yake, isirudie kungoja mtu afike miaka 34 ndipo impe ruhusa.