Umri wa Miaka 15 si Aya

Ijumaa moja nilikuwa safu ya tatu msikitini, khatibu akasema kwamba wanaotaka binti asiolewe kabla ya kutimiza miaka 18 wanaupiga vita Uislamu. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na Kiarabu kilichonyooka, na elimu yake siitilii shaka. Baada ya swala nilimngoja pale penye viatu, nikamsalimu, nikamwuliza: "Sheikh, hii miaka 15 iliyomo katika sheria ya nchi, imo katika sura gani?" Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mzee aliyeanza kuchoka. "Mzee wangu, hiyo ni ya serikali." Basi nikamwambia, mbona unaitetea kana kwamba imeteremshwa?

Hakunijibu. Watu walikuwa wengi, na mimi si mtu wa kugombana barazani. Lakini tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, najua kuwa swali lisilojibiwa darasani huishia katika daftari la mwanafunzi likiwa na jibu lisilo sahihi.

Tuanze na sheria yenyewe. Kabla ya mwaka 1971 kila watu nchini walikuwa na ndoa zao: Waislamu kwa sheria yao, Wakristo kwa yao, na wenye mila kwa mila zao. Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wa mwaka 1969, ukajadiliwa nchi nzima kwa maneno makali, na mwisho wake ikatungwa Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971. Humo ndimo ilimoandikwa kuwa mvulana aoe akiwa na miaka 18 na msichana aolewe akiwa na 15, na mahakama ikiona sababu iweze kuruhusu hata 14. Binti wa chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya baba, au ya mama kama baba hayupo. Wabunge ndio walioziandika namba hizo, kwa kalamu, Dar es Salaam.

Sasa ndugu msomaji, fungua vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa sisi Washafii wa Afrika Mashariki. Hutakuta umri wa ndoa. Utakuta umri wa baleghe, yaani kwamba asiyeonyesha dalili nyingine huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15. Nayo ni miaka ya mwezi mwandamo. Mwaka wa mwezi una siku 354. Zidisha kwa 15, kisha gawanya kwa siku za mwaka wa jua, utapata miaka kumi na minne na nusu hivi. Kwa hiyo hata anayesema kuwa 15 ya serikali ndiyo 15 ya kitabu hajapiga hesabu. Na kutoka kwa Imamu Abu Hanifa imepokewa kauli nyingine kabisa: miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana. Wote hao ni maimamu wetu na tunawataja kwa rehema.

Sitaki kudanganya upande wa pili. Wapo wasomi wa siku hizi wanaosema kuwa Uislamu tangu mwanzo uliweka miaka 18. Si kweli. Mafakihi wengi wa zamani walimpa baba mamlaka ya kufunga mkataba wa ndoa ya mwanawe hata kabla ya baleghe. Tukilificha hilo, kijana wa kwanza aliyesoma chuoni atatuumbua mbele ya watu, na itakuwa haki yetu. Lakini hata katika karne ya pili ya Hijria alikuwapo Ibn Shubruma aliyekataa kabisa mtoto aozwe na walii wake. Tena katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, panapozungumzwa habari za mayatima, umetajwa wakati wa kufikia ndoa, kisha ukaongezwa utambuzi, yaani rushdi, kabla ya kukabidhiwa mali yao. Waturuki walipotunga sheria yao ya familia mwaka 1917, chini ya khalifa, waliitegemea kauli hiyo ya wachache, wakaweka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana.

Wamisri walikuwa wajanja zaidi. Mwaka 1923 hawakusema kuwa ndoa ya mtoto ni batili mbele ya Mungu. Walisema haitaandikwa ikiwa binti hajafika 16 na mvulana 18. Mtawala hakuharamisha halali. Alikataa tu kuipigia muhuri. Baadaye Moroko mwaka 2004 wakaweka 18 kwa wote wawili, Indonesia mwaka 2019 wakaweka 19, na Saudi Arabia, ambayo hakuna atakayeiita nchi ya walegevu, mwaka 2022 ikaandika kuwa asiyetimiza miaka 18 haozwi mpaka mahakama ilitazame jambo lake. Je, hao nao wanaupiga vita Uislamu?

Kinachonikera zaidi ni usahaulifu wetu. Sheria hiyohiyo ya 1971 iliingia ndani ya nyumba ya fiqhi na kuhamisha vyombo vizito kuliko umri. Kwa madhehebu ya Shafii, baba au babu ana haki ya kumwoza bikira wake bila kumtaka idhini. Hiyo ndiyo inayoitwa ijbari. Sheria ikasema hapana ndoa bila hiari ya wote wawili. Kwa fiqhi mume akitamka talaka imekwisha. Sheria ikasema kwanza mwende Baraza la Usuluhishi, na hata baraza likishindwa na talaka ikiwa imetolewa, ni mahakama ndiyo itakayotoa amri ya kuivunja ndoa. Kifungu cha 66 kikaondoa haki ya mume au mke kumchapa mwenzake. Haya yote tuliyameza. BAKWATA ina mabaraza ya usuluhishi yanayotoa hati za kupeleka mahakamani chini ya sheria hii, na hakuna anayeyaita mabaraza ya ukafiri. Tumekubali serikali itafsiri dini katika ridhaa, katika talaka na katika kipigo. Imefika kwenye umri wa binti ndipo tumekumbuka kuwa serikali haina mamlaka.

Na hatukukosa walimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki 1947, aliandika kwa Kiswahili katika gazeti lake la Al-Islah akiwahimiza Waislamu watumie akili na waache kufuata mazoea kwa kuyadhania dini. Hakuwa mtu wa kuiacha sharia. Alikuwa kadhi, akihukumu kwayo kila siku. Anayeniambia kuwa kufikiri ni ugeni kutoka Ulaya namwomba asome kwanza walioandika hapa hapa pwani yetu.

Hata hivyo, wale wa upande wa pili nao nina neno nao. Nilialikwa kwenye semina moja katika hoteli hapa Arusha, chai na maandazi, na msemaji akasema dini ibaki msikitini na sheria ibaki Bungeni. Vijana walipiga makofi. Mimi sikupiga. Sheria ya Ndoa yenyewe, kifungu cha 107, inamwagiza hakimu aangalie kama tendo lililofanywa na Mwislamu lingevunja ndoa yake kwa sheria ya Kiislamu. Dini imo ndani ya sheria kwa maandishi. Huwezi kuitoa kwa makofi. Na mama wa hapa mtaani kwetu Engutoto anapoletewa posa ya bintiye haendi kusoma Gazeti la Serikali. Anakwenda kwa sheikh. Ukimwacha sheikh nje ya mazungumzo umemwacha na yule mama.

Jambo jingine ambalo wanasemina hawalisemi ni kwamba ndoa hizi si za Waislamu peke yao. Wasichana wengi waliotoweka katika madaftari yangu ya mahudhurio, kule chini ya Mlima Meru na kwenye vijiji vya tambarare, walikuwa watoto wa wafugaji na wakulima ambao hawajawahi kuingia msikitini. Waliondoka kwa ng'ombe. Lakini zamu ya kusingiziwa ikifika, tunasingiziwa sisi, na sisi kwa ubishi wetu tunaipokea lawama na kuifanya bendera.

Ndivyo serikali ilivyopata mahali pa kujificha. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufani, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilikuwa maafikiano yaliyozingatia mila na dini ya Kiislamu. Nilipolisoma hilo gazetini nilicheka peke yangu. Mahakama za kadhi Tanzania Bara ziliondolewa na serikali mwaka 1963. Ahadi ya kulitafutia ufumbuzi suala hilo ikaandikwa katika ilani ya uchaguzi ya 2005. Muswada ulipofika Bungeni mwaka 2015 ukaondolewa. Waislamu wanapoomba kadhi, dini inakuwa jambo la faragha. Msichana anapoomba miaka mitatu zaidi, dini inakuwa ngao ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Rufani iliitupa rufani hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Zikafuata kauli za mawaziri kwamba maoni yanakusanywa, wakiwamo viongozi wa dini, na miaka ikapita bila Bunge kubadilisha namba.

Bunge hilohilo mwaka 2016 lilirekebisha Sheria ya Elimu hata anayemwoa mwanafunzi aweze kufungwa miaka 30. Kwa hiyo binti wa miaka 16 aliye darasani ni jela. Dada yake wa miaka 16 aliyekosa nafasi ya sekondari ni halali kwa ridhaa ya baba. Mwenye kunieleza hekima yake aje, mlango wangu uko wazi.

Na mji wetu huu huu ulikwisha kulisikia shauri la namna hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwa kule kwenye majengo ya TANAPA, barabara ya Dodoma, tarehe 11 Mei 2018 ilitoa hukumu dhidi ya Mali. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya familia mwaka 2009 yenye umri wa 18. Mashehe wakaita watu barabarani Bamako, rais akairudisha, na mwaka 2011 ikatoka nyingine yenye 16 kwa msichana. Mali ilijitetea kuwa sheria lazima ifanane na hali ya watu na dini yao. Mahakama ikasema mmesaini Itifaki ya Maputo, kaitekelezeni. Kisheria ni sawa. Lakini nilijiuliza kama majaji wale walijua nguvu ya khutba moja ya Ijumaa. Sheria ambayo hoja yake haikujengwa ndani ya dini yenyewe hurudishwa mlangoni, hata ikiwa na haki. Novemba 2019, Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Jirani yetu, na hatuwezi tena kumbishia hodi.

Nimeandika kwa ukali, na msomaji ana haki ya kuniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwapo. Miaka ya katikati ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Binti mmoja, hodari wa hesabu, alimaliza darasa la saba akiwa na miaka 15, hakuchaguliwa. Baba yake tulikuwa tukiswali pamoja. Akanifuata niwe shahidi wa nikahi. Binti alikuwa chumba cha pili. Walii akasema amekubali, kwa kuwa amenyamaza. Sheria ya nchi ilitaka hiari yake, nami sikwenda kumwuliza, mimi niliyekuwa nikimwuliza kila asubuhi jedwali la kumi na mbili. Nilitia saini. Nikala pilau.

Baada ya miaka minne alikuja nyumbani na watoto wawili na kikaratasi cha talaka. Alikuwa ameambiwa kuwa eda ikiisha hana chake. Wakati huo nilikwisha kusoma habari za hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, ya Jaji Mkuu Nyalali, kuwa kazi ya nyumbani ya mke nayo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilijua kuwa angeweza kwenda mahakamani kudai. Sikumwambia. Niliogopa kuonekana mtu anayeipinga sharia mbele ya jamaa wa msikitini.

"Shikamoo mwalimu," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuuliza tu. Ile karatasi ya ndoa, jina lako lipo?"

Nikamwambia lipo. Akaitikia kwa kichwa, akamfunga mdogo mgongoni, akaenda zake.

Mwaka jana niliombwa tena kuwa shahidi, katika nyumba ya watu ninaowaheshimu. Niliomba kwanza kuona cheti cha kuzaliwa cha binti, na kuzungumza naye dakika tano, shangazi yake akiwapo. Walinishukuru kwa adabu, wakatafuta shahidi mwingine.