Pampu Ikitoa Maji ya Kutu, Tusikimbilie Mtoni

Mwezi huu naanza na ungamo, maana kosa lenyewe ni langu, na huenda likamsaidia mwenzangu.

Miaka michache iliyopita, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, zamu ya kufua vitambaa vya madhabahu ilikuwa yangu. Nilikuwa nikihudumu katika kijiji kimoja kwenye barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya. (Ulaya hiyo ni ya kwetu, si ile ya kupanda ndege!) Nilichota maji kwenye pampu ya mkono, nayo yalikuwa meupe kabisa. Nikafua kwa sabuni. Nikaona weupe hautoshi, nikaviloweka katika maji yenye Jik. Nilipovitoa, vitambaa vilikuwa na mabaka ya manjano kama vimemwagiwa mchuzi wa bizari.

Wenzangu wa umoja wa wanawake walikuja kutazama. Mmoja akasema, "Maji hayo ndiyo yanayofanya chai iwe nyeusi kama wino." Mwingine akasema amesikia kwamba yanafunga uzazi. Nami, muuguzi mwenye diploma, nikajibu kwa hasira mbele yao wote: "Maji haya hayafai." Maneno matatu tu.

Haukupita muda mrefu, alikuja zahanati mama kijana amempakata mtoto wa miezi kumi. Mtoto alikuwa ameharisha siku mbili. Macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Tulipokwisha kumwanzishia matibabu nikamwuliza, "Mwanangu, nyumbani mnakunywa maji ya wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ya mtoni, mama. Si wewe mwenyewe ulisema ya pampu hayafai?"

Mtoto yule alipona, Mungu ni mwema. Lakini usiku ule mimi sikupata usingizi. Nikaamua kujifunza maji yale yana nini hasa, na haya ndiyo niliyojifunza.

KUTU HUTOKA WAPI?

Udongo wetu una chuma kingi. Wekundu unaouona kwenye udongo wa vilimani ni kutu, ndugu yake kutu ya jembe. Kwenye udongo mkavu, wenye kupitisha hewa, chuma hicho hakiyeyuki katika maji. Kimetulia.

Sasa teremka bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga na vinamasi vya upande wa Mkata. Kila masika majani, nyasi na mizizi huzikwa katika tope. Bakteria wa udongoni huanza kula mabaki hayo, na katika kula huko hutumia oksijeni yote iliyomo. Oksijeni ikiisha hawaachi kula. Huanza kuitumia kutu mahali pa hewa. Kutu ikitumiwa hivyo hubadilika, na chuma chake huyeyuka ndani ya maji kama chumvi inavyoyeyuka kwenye mchuzi. Kipo, lakini hukioni.

Ndiyo sababu maji ya pampu hutoka meupe, kisha yakikaa kwenye ndoo hugeuka manjano. Yamekutana na hewa, na chuma kimerudi kuwa kutu. Jik nayo hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa haraka. Vitambaa vyangu vilikuwa ndani wakati kutu inatokea, ikashika kwenye nyuzi. Pampu haikuwa na kosa. Mfuaji ndiye hakujua.

Huenda pia umeona kinamasi chenye utando unaong'aa kama mafuta ya taa. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni utando wa chuma na bakteria wake. Ukijikusanya tena, hayo ni mafuta kweli.

Kuna chanzo cha pili. Bomba la chuma lililozama kisimani huliwa na maji yenye uchachu, likatoa kutu. Ni rahisi kupima. Asubuhi na mapema, kabla mtu hajachota, pampu ndoo ya kwanza na uitazame. Kama ndoo za kwanza ni nyekundu, kisha baada ya kupampu sana maji yanabaki safi hata yakikaa, kutu inatoka kwenye bomba. Waambieni jumuiya ya watumia maji libadilishwe, liwekwe lisilopata kutu. Kama maji yanageuka rangi kutwa nzima, chuma kimo ardhini.

NA CHAI NYEUSI JE?

Majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini, ambacho hukwaruza ulimi ukinywa chai kali. Tanini ikikutana na chuma, vinashikamana na kutoa rangi nyeusi. Si uchawi wala si sumu. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya (ile ya ndege) walitengeneza wino wa kuandikia kwa tanini na chuma. Na wanawake na wanaume wa Mali huchora nguo zao maarufu kwa tope lenye chuma, juu ya kitambaa kilicholowekwa kwanza katika maji ya majani ya miti.

Jaribu nyumbani. Chukua chai iliyoharibika rangi, kamulia limau. Utaona weusi unapungua. Limau limeachanisha tanini na chuma. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

KINACHODHURU NA KISICHODHURU

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 katika lita moja ya maji, huanza kutia madoa nguo na vyombo. Hayo ni madoa. Shirika hilo halikuweka kiwango cha chuma kwa ajili ya kulinda afya, kwa sababu maji huchukiza kwa rangi na ladha kabla ya kufika mahali pa kudhuru. Wala chuma cha kisimani hakifungi uzazi.

Maji ya mto, kwa upande mwingine, yanaweza kung'aa na kuwa matamu huku yamebeba kinyesi cha watu na cha ng'ombe. Sisi wa Kilosa hatuhitaji kufundishwa. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, maelfu ya watu walikosa makazi. Mafuriko hayatofautishi choo na kisima. Mwaka usio na mafuriko nao, mvua husomba uchafu wote wa juu na kuupeleka mtoni. Kuacha pampu kwa ajili ya rangi na kwenda mtoni ni kukimbia doa la nguo na kukutana na kipindupindu.

Hata hivyo sitaki kurudia kosa langu kwa upande mwingine, niseme kila kisima ni salama. Huko Bangladesh, katika miaka ya 1970 na 1980, visima vingi vya bomba vilichimbwa ili kuwaokoa watoto na kuharisha. Katika miaka ya 1990 ikagundulika kwamba vingi vina aseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha. Haikumwagwa na mtu. Ilikuwa imeshikwa na kutu katika udongo. Mabaki ya mimea yalipooza chini, kutu ikayeyuka kama nilivyoeleza hapo juu, ikaiachia sumu iingie majini. Sisemi kwamba yetu yako hivyo. Nasema macho na ulimi havitoshi kupima maji. Kisima kipya, au kilichobadilika, kipimwe maabara. Vijijini ulizeni ofisi ya RUWASA ya wilaya, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya maji ya vijiji.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa, kutoka juu, yapate hewa. Kisha yafunike yakae usiku kucha. Kutu itatuama chini.

2. Asubuhi chota ya juu taratibu, uyachuje. Ndoo yenye tundu chini, kokoto safi, na juu yake mchanga ulioshwa mpaka maji yatoke meupe, inafaa sana. Mchanga ukijaa kutu, uoshe tena.

3. Baada ya hapo ndipo uchemshe mpaka yatokote, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Usitangulize klorini. Chuma na uchafu wa majani huila, ikabaki kidogo ya kuua vijidudu.

4. Maji yakibaki na rangi ya kahawia hata baada ya kukaa usiku, yamechanganyika na maji ya mboji, na mboji haikiachii chuma kituame. Hapo hewa peke yake haitoshi. Wataalamu wa maji waitwe.

5. Kwa kisima cha kuchimba kwa mkono, kizuieni kisiwe jalala. Majani ya mwembe, maranda na samadi vikiingia ndani, huoza na kumaliza hewa ya maji. Kifunikeni, na takataka na mifugo vikae mbali.

6. Nguo nyeupe fulia maji yaliyotuama na kuchujwa, bila Jik. Doa la kutu likishaingia, paka maji ya limau na chumvi, anika juani, suuza vizuri. Kamwe usichanganye limau na Jik, maana hutoa hewa yenye sumu.

CHUMA KATIKA DAMU YAKO

Mama mmoja aliniuliza, "Dada, kama maji yana chuma, basi sisi hatutapungukiwa damu?" Swali zuri. Lakini msiyategemee. Chuma kilichokwisha kuwa kutu mwili haukichukui kwa urahisi, na upungufu wa damu una sababu nyingi: malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, na chakula. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, 45 wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu!

Na hapa ile chai nyeusi inarudi. Kinachotokea kikombeni hutokea pia tumboni. Ukila maharage na mchicha, kisha ukashushia chai ya rangi palepale, tanini hukamata chuma cha chakula, kikapita bila kuingia mwilini. Chai pamoja na mlo inaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu. Limau nalo hufanya kinyume chake, kama ulivyoona. Likiwa pamoja na mboga, husaidia mwili kupata chuma zaidi.

Basi, mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki meza kwa maji, usimeze kwa chai. Chai ingoje saa moja au zaidi baada ya chakula. Kwenye mchicha, kisamvu au maharage ongeza limau, au kula na chungwa, embe au ubuyu. Hizi zote zipo kwetu, na kwa msimu wake hazina bei kubwa. Na mtoto mdogo asipewe chai ya rangi na ugali wake kama mazoea yalivyo katika nyumba nyingi.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo. Nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema nilikosea, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilitahayari sana. Nilipokaa, bibi mmoja wa kiti cha mbele akasema kwa sauti, "Sasa mwanangu, si ungetuuliza? Sisi maji hayo tulikuwa tunayalaza usiku tangu zamani." Kanisa zima likacheka, nami nikacheka.

Yule mama kijana alirudi pampuni. Vitambaa vya madhabahu navyo vilitakata kwa limau na chumvi, isipokuwa kimoja. Hicho nimekiweka kabatini kwangu. Kila nikitaka kutoa hukumu ya haraka mbele ya watu wanaoniamini, nakikumbuka.

Akina mama, nyumbani mwetu na kwa majirani neno letu juu ya maji na chakula linafuatwa. Tulipime kabla ya kulitoa, kama tunavyopima dawa ya mtoto.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.